Kikombe Ambacho Muuzaji Hakukionja

Siku yangu ya kwanza parquet, ofisi ya mashtaka hapa Bunia, sikupewa dosie ya kesi yoyote. Nilipewa kitambaa. Magistrati aliyetakiwa kunifundisha kazi, muzee Bonaventure, alininyooshea kidole mashine ya kuandikia iliyojaa vumbi la barabarani, akasema, "Anzia pale, binti. Ile mashine ikikwama, mutu analala mu gereza siku moja ya bure." Nilidhani ananitania. Kabla ya mwezi kwisha nikaona mwenyewe amri ya kumwachilia mtu ikikaa mezani tangu asubuhi hadi kesho yake, kwa sababu utepe wa wino ulikuwa umekauka. Ninyi mnaobaki kazini mimi nikistaafu mna kompyuta, na umeme ukikatika mna kisingizio. Sisi hata kisingizio hatukuwa nacho.

Mmeniomba niandike nilichojifunza. Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Polisi wakimkamata mtu, wanamleta kwetu na karatasi zao. Tunamuuliza yeye na mashahidi, tunaandika majibu katika hati tunayoiita PV, kisha tunaamua. Dalili zikitosha, dosie inakwenda mbele ya tribunal, kwa majaji watatu. Zisipotosha, tunaifunga na mtu anarudi kwake. Tatizo ni kwamba katikati ya milango hiyo miwili kuna kiti, na anayekikalia ni wewe peke yako.

Muzee Bonaventure alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa mtu mwingine. PV ina nafasi ya maswali yetu na majibu yao. Haina nafasi ya maswali yao. Yeye alikuwa na daftari la shule, la mistari, na humo aliandika kila swali ambalo mshtakiwa alimuuliza, hata likiwa la kuomba maji. "Jibu analitengenezaka mu njia," aliniambia. "Ulizo inamutoka yenyewe." Nilinunua daftari la namna ile wiki hiyohiyo. Katika miaka yangu ya mwanzo mtu aliyeshtakiwa kuiba mbuzi alinikatiza katikati ya mahojiano, akauliza kama mbuzi wale, waliofungwa kwenye ua wa polisi, wamenyweshwa maji. Mwizi haulizi hivyo. Tulipochunguza tukakuta mbuzi ni wake, na mshtaki ndiye aliyekuwa na maelezo ya kutoa.

Sitawaelezea kila dosie. Nyingi zilikuwa za mashamba, na dosie ya shamba hufanana na shamba: ukimaliza upande mmoja, upande mwingine umeota tena. Nitaeleza moja, ambayo karibu niiharibu. Muzee Bonaventure alikuwa amekwisha kustaafu wakati huo. Majina yote nimeyabadilisha, na mwanamke mwenyewe wa dosie hiyo ameniruhusu kwa sharti kwamba nisiandike mwaka.

Nitamwita Mama Rachel, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa amekimbia vita toka upande wa Fataki na watoto watatu na sufuria moja. Hapa mjini, katika mtaa wa Saio, mjane mmoja mwenye asili ya Butembo, Mama Masika, alimpa chumba katika ua wake bila kumwomba kitu. Mama Rachel akaanza kupika mandro, ile pombe nzito ya mahindi, na kuiuza palepale uani asubuhi.

Asubuhi moja alikuja Justin, fundi wa pikipiki mwenye gereji pale karibu. Alikunywa kikombe kimoja, akaenda. Kufikia mchana alikuwa anajiviringisha chini akishika tumbo. Ndugu zake hawakumpeleka hospitali. Walimpeleka kwa mganga wa kienyeji anayetapisha sumu, akamnywesha dawa yake, Justin akatapika, na mganga akaweka kilichotoka ndani ya chupa ya mayonezi kama ushahidi. Jioni Justin alikuwa amekufa. Kesho yake walimzika Bogoro, kwenye shamba la baba yake, wakati vijana wa mtaa wamejaa mlangoni kwa Mama Masika na mawe mikononi. Polisi walifika kumkamata Mama Rachel. Kwa kumkamata walimwokoa, na sidhani kama walilikusudia la pili.

Dosie iliyofika mezani kwangu ilikuwa na ile chupa na mashahidi wanne. Hapa Bunia hatukuwa na maabara ya kupima sumu, kwa hiyo chupa ilikuwa chupa tu, na ilinuka. Mashahidi walisema jambo moja, karibu kwa maneno yaleyale: hakuonja.

Kwetu hakuna haja ya kufafanua. Anayekupa kinywaji anakunywa kidogo kwanza mbele yako, anapangusa ukingo wa kikombe kwa kidole, ndipo anakupa. Hakuna anayetamka neno sumu. Ni adabu tu, kama kuvua kofia. Mimi mwenyewe, kwa mama mkwe wangu, sikuwahi kugusa kikombe kabla hajaonja, na yeye asingethubutu kunipa bila kuonja. Ndiyo maana niliposoma karatasi za polisi nilifika mwisho nikiwa nimekwisha kuamini. Naandika hili kwa sababu baadaye watu walinisifu kwa dosie ile, na sifa hizo haziko mahali pake.

Mahojiano ya kwanza yalikuwa mafupi. Mama Rachel alikaa kwenye benchi, mwembamba, kitenge kimemzunguka mara mbili.

"Juu ya nini haukuonja?" nilimuuliza.

"Nilisahau."

"Umeuza mandro muda gani?"

"Tangu nifike hapa."

"Na ile siku tu njo ulisahau?"

Akatazama mikono yake. "Sikukuwa na hamu."

Majibu mawili kwa swali moja, na yote mabaya. Nikaandika. Alipokuwa anatolewa akageuka mlangoni. "Madame, leo iko siku gani?" Nikamwambia ni Jumanne. Nikaliandika swali kwenye daftari kwa mazoea tu.

Siku ya tano nilimpeleka mbele ya jaji ili aamue kama abaki ndani. Ndugu wa Justin walijaa nje, na mbele yao alisimama kaka mkubwa wa marehemu, nitakayemwita Faustin, mtu mrefu, mtulivu, ambaye hakupiga kelele hata mara moja. Wenye kelele hawakunitisha. Yeye alinitisha. Jaji alitoa siku kumi na tano. Mama Rachel hakulia. Alipopita karibu yangu aliuliza, "Leo iko tarehe ngapi, Madame?" nikaona kidole gumba chake kikipanda kwenye viungo vya vidole vingine, kimoja baada ya kingine.

Mkuu wetu, Procureur, aliniita siku hiyohiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dirisha linalotazama barabara, na kupitia dirisha hilo aliwaona ndugu wa Justin kila siku.

"Hiyo dosie unangojea nini?" aliniuliza.

"Dalili, Chef. Nina mtu aliyekufa na mtu ambaye hakuonja. Katikati hakuna kitu."

"Peleka tribunal. Wao wako watatu, weye uko mmoja. Wataona wenyewe."

Wadogo zangu, mtaisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko salamu. Ni tamu kwa sababu inafanana na sheria. Ukweli ni kwamba unampeleka mtu akae gerezani miezi, pengine miaka, akingoja watatu waone kile ambacho wewe mmoja ulishindwa kukitafuta. Lakini nisijifanye jasiri. Nilirudi ofisini nikaanza kuandika hati ya kumpeleka. Nilifika mahali pa kueleza dalili, nikakwama, nikaamua kumsikiliza Faustin kwanza ili nijaze nafasi ile.

Alikuja baada ya siku kadhaa, na shati lililopigwa pasi. Alijibu vizuri, bila kuongeza. Nikamuuliza jambo dogo ambalo polisi hawakuliuliza: mdogo wake alikuwa mnywaji wa asubuhi?

"Hapana, Madame. Justin alikuwa mutu ya kazi. Ile siku alisema anataka tu kitu ya kutuliza tumbo."

"Kutuliza tumbo?"

"Ilikuwa inamuuma tangu juzi yake. Alikuwa anakunywa tu vidonge bya ku kiosque."

Mkono wangu ukasimama juu ya karatasi. Akauona umesimama. Nadhani hapo ndipo aliposikia alichokisema mwenyewe.

"Alikuwa anaumwa siku mbili mbele ya kunywa ile mandro," nilisema.

"Tumbo ya kawaida," alisema Faustin. "Haikukuwa ile ya kuua mutu. Yule mama hakuonja, Madame. Batu bote banajua. Mutu wa kuuza anakatalaka kuonja juu ya nini?"

Nilimsomea maneno yake, akatia sahihi. Alipofika mlangoni hakuniaga.

Kesho yake nilikwenda Saio mwenyewe. Kufika mahali penyewe ni kazi ambayo wengi wetu huikwepa, mara nyingi kwa sababu ya mafuta ya gari, na mafuta yakipatikana, kwa sababu ya mvua. Nilikuta ua uliofagiwa, sufuria kubwa imefunikwa kwenye pembe, na Mama Masika amekaa kwenye kigoda, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, watoto watatu wa Mama Rachel wakicheza nyuma yake.

"Nilikunywa kwa ile sufuria moja," alisema kabla sijakaa. "Nilirudi toka ku kanisa, nikakunywa. Jirani alikunywa. Tulikuwa batu sita. Iyi tumbo yangu unaona imepasuka? Inapasuka na vitumbua tu."

"Lakini yeye hakuonja."

"Hakuonjaka. Ni mimi nilikuwa ninaonja kwa nafasi yake, miezi mbili sasa. Ile asubui nilikuwa ku kanisa, njo ile tu."

"Miezi miwili? Juu ya nini?"

"Alisema meno inamuuma." Alipandisha mabega. "Mutu ya kukimbia vita haumuulizi kila kitu."

Aliniruhusu kuingia chumbani kwa Mama Rachel. Mkeka, nguo za watoto zimekunjwa, hakuna zaidi. Tulipotoka nilimuuliza kama yuko tayari kumrudisha mama huyo uani kwake nikimwachilia, mtaa wote ukimwita mchawi wa sumu.

"Arudi leo," alisema. "Mimi sumu siogopi, nilikunywa. Mimi kitu ninaogopa ni moja tu. Kijana wangu wa mwisho kifua kilimumaliza, hapa, mu iyi nyumba. Tangu pale, mutu akikohoa mara tatu ninamuonyesha mulango. Mungu anisamehe, lakini ninamuonyesha."

Nilirudi ofisini, nikafungua daftari. Leo iko siku gani. Leo iko tarehe ngapi. Na la tatu, ambalo mlinzi wa gereza alinipa kama mzaha: yule mama wa sumu anauliza tarehe kila asubuhi, labda ana ndege ya kuwahi. Nilikaa mbele ya maswali yale matatu muda mrefu. Mfungwa anayehesabu siku za kifungo huuliza zimebaki ngapi. Huyu hakuuliza zilizobaki. Alitaka kujua zilizopita.

Nilikwenda gerezani mchana huo, nikamwomba karani wangu angoje nje. Mama Rachel aliletwa. Alikohoa akiwa mlangoni, akaficha mdomo kwenye kitenge.

"Unahesabu nini?" nilimuuliza.

Alivuta kitenge mabegani.

"Sina kalamu mkononi. Tazama."

Akatazama. "Dawa," alisema.

"Dawa ya nini?"

"Ya kifua."

Kifua kikuu. Alikuwa na miezi miwili ya vidonge, kila siku bila kuruka, anavichukua kituo cha afya cha mbali ili mtu wa Saio asimkute. Alipokamatwa aliacha kadi na vidonge chumbani, vimefungwa kwenye mfuko juu ya mti wa paa. Muuguzi alimwambia kwamba haambukizi tena, ila asiruke siku hata moja, na pombe asiguse. "Alisema hata tone," Mama Rachel alisema. "Nikashika hata tone."

"Umekosa siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Unajua kama unaweza kufa kwa kukosa?"

"Ninajua. Na Mama Masika akijua, batoto yangu watatu balale wapi? Fataki?"

Hilo lilikuwa lote. Alitii agizo la muuguzi mpaka tone la mwisho, na kwa sababu hiyo yuko ndani kwa mauaji. Neno moja lingemtoa, na neno hilohilo lingewatupa watoto wake barabarani. Alikuwa amepima, akachagua kunyamaza, na kila siku ya kunyamaza ilimrudishia ugonjwa.

Kwa ruhusa yake nilizungumza na muuguzi wa kituo, ambaye alithibitisha yote. Siku hiyohiyo vidonge vilifika gerezani kwa mkono wa muuguzi wa gereza, na kama kuna aliyeuliza, vilikuwa vya tumbo. Kisha nikaandika karatasi mbili.

Zote zilifunga dosie. Zote zilieleza kwamba maiti haikupimwa, maumivu yalianza siku mbili kabla ya mandro, watu sita walikunywa sufuria moja bila kuumwa, na baada ya mandro marehemu alinyweshwa dawa ya mganga ambayo hakuna anayejua ndani yake mna nini. Tofauti ilikuwa aya moja. Karatasi ya kwanza ilieleza kwa nini hakuonja. Ya pili haikugusa jambo hilo.

Nilimpelekea Mama Rachel zote mbili, nikamsomea kwa Kiswahili.

"Ya kwanza itawafunga midomo," nilimwambia. "Ndugu za Justin watasikia sababu, watakuacha. Lakini watasikia, na Saio yote itasikia. Ya pili inakutoa hapa, ila ile ulizo inabaki mu midomo ya batu. Unaweza kuishi nayo?"

Alifikiri kidogo kuliko nilivyotegemea. "Ile yenye haina sababu."

"Wanaweza kukufanyia mabaya."

"Weye, Madame, ungechagua gani?"

Swali lile nililiandika kwenye daftari pia.

Procureur alisoma karatasi ya pili akiwa amesimama dirishani. Alipomaliza aliuliza lile ambalo kila mtu angeuliza. "Na kuonja?"

"Nimemuuliza, Chef. Amenijibu. Jibu limenitosha, na haliongezi kitu kwenye dalili."

"Silioni kwenye karatasi."

"Halimo."

Alinitazama. Nje, Faustin alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya barabara. "Wakiuliza, nitasema ni weye," Procureur alisema, na akatia sahihi. Nimefanya kazi na wakuu waliosaini kwa moyo mwepesi zaidi, lakini huyu alisaini akiwa anaogopa, na namheshimu kwa hilo.

Nilimwita Faustin ofisini kabla ya kumwachilia Mama Rachel, ili asisikie barabarani. Nilimsomea kila mstari, pamoja na maneno yake mwenyewe kuhusu tumbo la mdogo wake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Juu ya nini hakuonja?" alisema.

"Ninajua. Sitakuambia."

"Unajua?"

"Ninajua, na si sumu. Kama unatafuta mutu wa kuuliza, yeye umuache. Uniulize mimi."

Alisimama, akanyoosha shati lake.

"Basi tutakuuliza weye," alisema.

Mama Rachel alirudi Saio. Hakuna jiwe lililorushwa. Kwa wiki nyingi wanunuzi hawakuja, na Mama Masika alikaa uani peke yake asubuhi na kikombe, akinywa kwa sauti ili wapita njia wamsikie. Matibabu ilibidi yaanze upya, yakaisha. Kadi ilipogongwa muhuri wa mwisho, Mama Rachel alimwonyesha Mama Masika mwenyewe. "Alinitukana siku mbili," aliniambia. "Ya tatu akanipakulia."

Faustin alitimiza neno. Alichukua gereji ya mdogo wake, na kila nilipokutana naye, sokoni, kanisani, hata siku moja kwenye foleni ya hospitali, alinisalimu kwa heshima, akaniuliza swali lilelile. Nami nilimsalimu, sikumjibu. Miaka yote hiyo hakumwuliza mwingine.

Mwezi uliopita, nilipojua nitaandika haya, nilikwenda kwa Mama Rachel kuomba ruhusa. Ana nyumba yake sasa, anauza unga. Alikubali, akaweka sharti la mwaka. Nikamuuliza, "Na Faustin?"

Alichekecha unga mpaka ungo ukabaki na pumba. "Umuambie. Batoto wangu wamekomaa. Lakini usimuambie mu soko, mbele ya batu. Wende kwake." Kisha akasema, bila kuinua macho, "Na umuambie Justin aliniomba kikombe cha pili. Nikakatala. Niliona anashika tumbo, nikamuambia, wende hospitali, baba, mandro haiponyeshake."

Nilimtazama. "Juu ya nini haukuniambia ile wakati?"

"Haukuniuliza. Bote muliuliza tu kuonja."

Nilikwenda kuitazama nakala yangu ya PV yake. Ni kurasa tano, na alichosema ni kweli. Polisi, jaji, ndugu, mimi, hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtu wa mwisho kuzungumza na Justin kabla hajaanguka walizungumza nini. Kaka yake ameishi miaka hii yote akidhani yule mama ndiye aliyemmaliza mdogo wake, na kumbe ni yeye peke yake aliyemwambia aende hospitali.

Kesho ni Jumamosi. Gereji hufungwa mapema. Nitakwenda, na sitangoja aniulize.